Mke wa Mfalme ni Malkia. Mume wa Malkia ni Nani?

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wa historia na wageni wote, asanteni kwa kufika.

Nianzie Denmark. Tarehe 14 Januari 2024 Malkia Margrethe wa Pili alitia sahihi ya kung'atuka, akamwachia kiti mwanawe Frederik. Mke wa Frederik, Mary, ni mzaliwa wa Tasmania, Australia, na hana nasaba ya kifalme hata chembe. Alikutana na mumewe katika baa mjini Sydney wakati wa Olimpiki ya 2000. Siku ile ile mumewe alipokuwa mfalme, naye akawa malkia, na hakuna aliyehoji. Lakini baba mkwe wake, Henrik, alikuwa mume wa malkia mtawala kwa zaidi ya miaka 45. Alitaka aitwe mfalme, akalisema jambo hilo hadharani mara nyingi, na akafariki bila kulipata.

Kwa nini mmoja apewe bila kuomba, na mwingine aombe asipewe? Hoja yangu jioni hii ni kwamba cheo cha mwenza wa mtawala si zawadi ya harusi. Ni tangazo la kisiasa, linalowaambia watu nani anatawala na nani hatawali. Mwanamke aliyeolewa na mfalme hakutarajiwa kutawala, kwa hiyo hata akipewa jina kubwa kiasi gani, hakuna aliyetishika. Mwanamume akiitwa mfalme, watu wanaanza kutazama upande wake kusubiri amri. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na waandishi wa sheria za kifalme waliliogopa hilo kwa karne nyingi.

Uingereza iliwahi kujaribu. Mwaka 1554 Malkia Mary wa Kwanza aliolewa na Philip wa Hispania, na Bunge likakubali aitwe mfalme. Sarafu zilichorwa vichwa vyao viwili vikitazamana. Lakini sheria ile ile ilimfunga mikono, na ufalme wake ulikuwa na mwisho: mkewe akifa, basi. Mary alifariki 1558 bila mtoto, na Philip akabaki na nchi zake mwenyewe.

Wareno walikuwa na utaratibu wao, na mimi naupenda kuliko yote. Kwao mume wa malkia aliitwa mfalme baada ya kuzaliwa mtoto. Mume wa kwanza wa Malkia Maria wa Pili, Auguste, alifariki 1835, miezi miwili tu baada ya harusi, hivyo ufalme ukampita. Wa pili, Ferdinand, aliupata 1837 alipozaliwa Pedro. Sisi tumezoea kuona mwanamke akipewa heshima ya Mama Fulani akishajifungua. Hapa mkewe alijifungua, na bwana akaitwa mfalme!

Malkia Victoria alipoolewa na Albert mwaka 1840 alitaka mumewe awe mfalme. Waziri Mkuu wake, Lord Melbourne, alikataa. Inasimuliwa kwamba alimwonya: Waingereza wakizoea kutengeneza wafalme bungeni, watazoea pia kuwaondoa. Bunge halikuishia hapo. Serikali ilipendekeza Albert alipwe pauni 50,000 kwa mwaka, wabunge wakazipunguza hadi 30,000. Cheo cha Mwanamfalme Mwenza alikipata 1857, baada ya miaka 17 ya ndoa, na aliyempa ni Victoria mwenyewe. Miaka minne baadaye akafa.

Sasa tuje karibu na nyumbani. Februari 1952 Elizabeth, mrithi wa kiti cha Uingereza, alikuwa Kenya na mumewe Philip, babake mfalme alipofariki Sandringham, Uingereza. Habari ile alipewa na Philip, pale Sagana. Kwa ajili ya ndoa hiyo Philip alikuwa ameshaacha vyeo vyake vya Ugiriki na Denmark, na sasa akaiacha na kazi ya jeshi la majini. Kisha serikali ya Churchill ikasimama kidete kwamba ukoo wa kifalme utaendelea kuitwa Windsor, si jina lake. Inasemekana alilalamika kwamba wamemfanya kama amiba tu, mwanamume pekee nchini asiyeweza kuwapa watoto wake jina. Cheo cha mwanamfalme wa Uingereza alisubiri hadi 1957.

Lakini angalieni kazi aliyotumwa. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, aliyemwakilisha Malkia alikuwa Philip. Zanzibar, tarehe 10 Desemba 1963, ni Philip. Nairobi, siku mbili baadaye, ni Philip tena. Mtu ambaye kwao hakuwa na mamlaka yoyote ya kikatiba ndiye aliyekuja kusimamia makabidhiano ya mamlaka kwetu. Nadhani ndiyo maana aliweza kutumwa: hakuwa na cha kwake cha kukabidhi.

Na kuna mwingine ambaye watu wa Tanga wana haki ya kumdai kidogo. Claus, mume wa Malkia Beatrix wa Uholanzi, alikuwa Mjerumani aliyekulia Tanganyika, ambako babake alisimamia shamba kubwa. Kati ya 1936 na 1938 alisoma shule ya bweni Lushoto. Siku ya harusi yake mjini Amsterdam, 1966, waandamanaji walirusha mabomu ya moshi, maana Waholanzi walikuwa hawajasahau vita, na yeye aliwahi kuvaa sare ya jeshi la Ujerumani. Hakuitwa mfalme, na hakujulikana kwa kulilalamikia hilo. Alipendwa hatimaye. Mwaka 1998, mbele ya umati, alivua tai yake akaitupa chini, akiwahimiza wanaume wajikomboe nayo. Mke wa mwanawe, Máxima, anaitwa malkia tangu 2013, ingawa kisheria cheo chake ni cha binti mfalme. Malkia ni jina la heshima tu.

Henrik hakuwa na subira ya Claus. Mwaka 2002, katika hafla ya mwaka mpya, mkewe hakuweza kuhudhuria na mwenyeji akawa mwanawe Frederik. Henrik aliona ameshushwa nyumbani kwake, akaondoka kwenda kwenye kasri lake Ufaransa. Mwaka 2005 akapewa cheo cha Mwanamfalme Mwenza. Hakuridhika, na mwaka 2016 akakiacha. Mwaka 2017 akatangaza kwamba hatazikwa kando ya mkewe katika Kanisa Kuu la Roskilde, kwa kuwa hakutendewa kama mtu aliye sawa naye. Alifariki Februari 2018. Nusu ya majivu yake ikatawanywa baharini, nusu ikazikwa katika bustani ya kasri la Fredensborg.

Wengi walimcheka. Mimi naona swali lake lilikuwa la haki, ila dawa aliyoitaka ndiyo siyo. Haki ingepatikana pia kwa kuwashusha wake za wafalme wawe mabinti wafalme, na hilo linawezekana. Yordani ina mfano: Muna, mama wa Mfalme Abdullah wa sasa, hakuwahi kuwa malkia, ila Rania, mke wa Abdullah, alipewa umalkia mwaka 1999. Uingereza nayo, Charles alipomwoa Camilla 2005, ilitangazwa kwamba hataitwa malkia. Lakini ile haikuwa haki, ilikuwa hofu ya hasira za wananchi waliomkumbuka Diana, mke wa kwanza wa Charles. Februari 2022 Elizabeth alieleza nia yake kwamba Camilla aitwe malkia, na ndivyo ilivyokuwa.

Falme kadhaa za Afrika zilikwepa mtego huu kabisa, kwa sababu kiti cha pili hakikuwa cha mke. Eswatini ni cha mama wa mfalme, Indlovukazi. Buganda kulikuwa na Namasole, mama, na Lubuga, dada. Nnabagereka, mke wa Kabaka, yaani mfalme, anaheshimiwa sana, na harusi ya Sylvia Nagginda pale Namirembe mwaka 1999 iliujaza mji, lakini hakai pale alipokaa Namasole. Na nafasi ya mama ilikuwa na gharama yake. Namasole Irene Namaganda, mjane wa Kabaka Daudi Chwa, alipoolewa tena 1941, Mengo yote, makao ya ufalme wa Buganda, ilitikisika na Katikiro, waziri mkuu wake, akajiuzulu.

Ulaya italirudia swali hili karibuni, maana warithi kadhaa wa sasa ni wanawake: Victoria wa Uswidi, Elisabeth wa Ubelgiji, Catharina-Amalia wa Uholanzi, Leonor wa Hispania. Mume wa Victoria, Daniel, ni mwanamfalme tangu 2010. Kwa Leonor hata mchumba hajulikani, lakini jibu lipo. Amri ya kifalme ya 1987, iliyotolewa miaka 18 kabla hajazaliwa, inasema mume wa malkia atakuwa mwanamfalme.

Mwenyekiti, naona mkono umeinuka pale nyuma. Tuanze na yeye.