Sikuoni, au Huingii? Mhadhara Kuhusu Folda za Pamoja Zinazogoma Nyumbani

Asanteni kwa kufika. Kabla sijaanza, nyosha mkono kama umewahi kuhamisha faili kwa flashi kutoka kompyuta moja hadi nyingine iliyo juu ya meza hiyo hiyo. Naam, mikono ni mingi, na wangu umo. Kompyuta zote mbili zina Wi-Fi, zote zinapata intaneti, folda tumeishirikisha, lakini mwisho wa yote tunatafuta flashi.

Leo sitawafundisha namna ya kushirikisha folda. Hiyo ni kazi ya kubofya mara nne tano, na wengi mmeshaifanya. Nataka tuzungumzie pale inapogoma. Nina neno moja tu: kompyuta ikikukatalia, sikiliza inakataa vipi. Kuna kukataa kwa "sikuoni", na kuna kukataa kwa "nakuona, ila huingii". Hayo ni maradhi mawili, na muda mwingi tunaupoteza kwa kulitibu moja kwa dawa ya jingine.

Mimi mwenyewe nilipoteza jioni nzima hivyo. Nilizima fayawoli, yaani ule ukuta unaochuja nani aingie kwa mtandao, kwenye kompyuta zote mbili, nikazima programu ya kuzuia virusi, nikaiwasha ruta upya mara tatu, kisha nikafungulia kila mtu ruhusa zote za folda. Muda wote huo ujumbe kwenye skrini haukubadilika: jina la mtumiaji au nenosiri si sahihi. Yaani kompyuta ya pili ilikuwa imeshanijibu! Njia ilikuwa wazi, na fayawoli haikuwa na kosa lolote. Kumbe nilikuwa naandika PIN, zile tarakimu nne ninazofungulia mashine kila asubuhi. PIN hufanya kazi kwenye mashine ile ile tu ilikowekwa. Haipiti mtandaoni.

Tuanze na "sikuoni". Kwenye Windows ujumbe wake mashuhuri huja na namba 0x80070035: njia ya mtandao haikupatikana. Wengine hata hawafiki kwenye ujumbe. Wanafungua sehemu ya Network kwenye dirisha la faili, hawaioni aikoni ya kompyuta ya pili, wanakata tamaa. Nawasihi msiiamini orodha ile. Inajazwa kwa matangazo: kila kompyuta hupaza sauti "nipo", na nyingine husikiliza. Tangazo lisipofika, aikoni haitokei, hata kama folda iko wazi kabisa. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi fungua. Nenda kwenye kompyuta yenye folda, ufungue dirisha la amri, uandike ipconfig, usome anwani yake ya IP, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Rudi kwenye ile nyingine, na pale juu ya dirisha la faili andika mikwaju miwili iliyolalia kushoto, kisha anwani hiyo, mfano \\192.168.1.20, ubonyeze Enter.

Folda zikitokea, au ukiulizwa nenosiri, mtandao wako ni mzima. Kilichobaki ni suala la jina au la tangazo. Unaweza kuweka njia ya mkato ukaendelea na maisha. Ukitaka aikoni irudi, hakikisha huduma ya FDResPub inafanya kazi kwenye kompyuta inayotafutwa. Kazi yake ni kutangaza tu. Na kompyuta usiipe jina refu, kwa sababu mfumo mkongwe wa majina, NetBIOS, unabeba herufi 15 tu.

Hapa nitoke kidogo nje ya njia, maana kuna ushauri mbovu unaozunguka. Itifaki inayobeba folda hizi, yaani lugha ambayo kompyuta huzungumza kupeana faili, huitwa SMB. Toleo lake la kwanza ni la miaka ya 1980, na ndilo lililobeba pia ile namna ya zamani ya kuwaorodhesha majirani wa mtandao. Mwezi wa Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kwa kupenya tundu la SMB toleo la kwanza, wakati kiraka cha tundu hilo kilikuwa kimeshatolewa tangu Machi. Oktoba mwaka huo, Windows 10 toleo la 1709 ikaacha kusakinisha SMB ya kwanza kwa kawaida. Watu wakaamka, aikoni hazipo, na mtu akawaambia: irudisheni. Mimi nasema msiirudishe. Windows za leo na Linux za leo huzungumza toleo la 2 na la 3 bila shida. Kama kuna diski ya zamani ya mtandao isiyojua lugha nyingine ila ile ya kwanza, itafutie sasisho, na likikosekana, hamisha faili zako uistaafishe. Vilevile, ukikuta maelekezo yanayokutuma kwenye HomeGroup, ile namna ya zamani ya Windows ya kushirikisha folda nyumbani, yafunge. Ilikuja na Windows 7 mwaka 2009 na ikaondolewa kwenye Windows 10 mwaka 2018. Utaitafuta mpaka usiku wa manane.

Turudi. Je, kama hata kwa anwani ya IP hupati kitu? Ziangalie anwani zenyewe, ziweke mbili sambamba. Moja ikianza na 169.254, kompyuta hiyo haikupewa anwani na ruta, imejipa yenyewe. Tatizo liko kwenye muunganisho wake, achana na folda kwanza. Moja ikiwa 192.168.0 na nyingine 192.168.1, aghalabu una ruta mbili, kila moja inagawa anwani zake, na kompyuta zako zinaishi nyumba mbili chini ya paa moja. Hutokea sana mtu anapoongeza ruta ya pili ili Wi-Fi ifike vyumba vya nyuma. Ibadilishe ya pili iwe kituo cha kurusha mawimbi tu, isigawe anwani. Kuna pia Wi-Fi ya wageni, ambayo kwa makusudi huzuia vifaa kuonana. Watu huunganisha kompyuta ya mtoto huko kisha wanashangaa. Na VPN, ile programu inayopitisha mawasiliano yako kwa njia ya pembeni, hata kama umeisahau huko nyuma, inaweza kukukatia majirani wote.

Anwani zikiwa sawa, ndipo tunaitazama fayawoli. Tafadhali, tuitazame, tusiizime. Windows huuliza mtandao huu ni wa umma au wa faragha. Ukiwa wa umma, hujificha na kufunga milango, na ina haki ya kufanya hivyo. Mtandao wa nyumbani kwako uweke wa faragha, na mara nyingi hilo pekee linatosha. Halafu msiitegemee sana amri ya ping, ile inayoigongea kompyuta nyingine kuona kama itajibu. Windows inaweza kuinyamazia ping huku folda zinafunguka vizuri. Kipimo cha kweli ni poti 445, yaani mlango wenye namba hiyo, ndimo SMB inamopita. Fungua PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, andika Test-NetConnection, anwani, kisha -Port 445. Ukijibiwa True kwenye mstari wa TCP, njia ipo, funga mjadala wa fayawoli. Ukijibiwa False na una programu nyingine ya kuzuia virusi, kumbuka nyingi huja na fayawoli yao, kwa hiyo huenda uliirekebisha ile isiyohusika.

Sasa "huingii". Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo ninapowaona watu wenye akili zao wakikwama.

Nyumbani hakuna daftari moja la watumiaji. Kila kompyuta ina lake. Unapogonga mlango wa kompyuta ya pili, yako hujaribu kimyakimya kukutambulisha kwa jina na nenosiri ulizoingilia. Majina na manenosiri yakifanana pande zote, unapita bila hata kuulizwa. Yasipofanana, unaulizwa, na swali lenyewe linapotosha, kwa sababu halisemi wazi nenosiri la nani. Jibu ni hili: la akaunti iliyoko kwenye kompyuta yenye folda. Si yako ya hapa ulipokaa, wala si nenosiri la Wi-Fi. Msicheke, hilo la Wi-Fi nimeliona mara nyingi.

Akaunti isiyo na nenosiri nayo haiingii, kwa kuwa Windows huiruhusu kwenye kibodi yake tu na kuikatalia mtandaoni. Kwa hiyo ninachopendelea mimi, kuliko kuhangaika na akaunti za barua pepe na PIN, ni kutengeneza akaunti ya ndani ya pekee kwenye kompyuta yenye folda, yenye jina fupi na nenosiri la maana, kwa ajili ya kushirikiana tu. Ukiulizwa, andika jina la kompyuta hiyo yenye folda, mkwaju ule uliolalia kushoto, kisha jina la akaunti.

Wenye Linux wanatumia Samba, programu inayozungumza SMB, aliyoianzisha Andrew Tridgell kule Canberra mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jina lenyewe alilipata kwa kuichakura kamusi kutafuta neno lenye herufi S, M na B. Samba ina daftari lake la manenosiri, mbali na lile la mfumo. Umefungua akaunti kwenye Linux? Bado. Mpaka uandike smbpasswd -a na jina lake ndipo Samba itamjua.

Kosa jingine ni nenosiri la zamani lililohifadhiwa. Umelibadilisha kule, huku kompyuta inaendelea kupeleka lile la mwaka jana. Lifute kwenye kidhibiti cha vitambulisho, Windows hukiita Credential Manager. Na Windows haikubali kuunganishwa na kompyuta moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Hapo hutoa kosa namba 1219. Andika net use * /delete, miunganisho yote ikatike, uanze upya.

Kisha ruhusa. Zipo tabaka mbili: ruhusa ya kushirikisha na ruhusa ya diski yenyewe. Anayekuja kwa mtandao hupita zote mbili, na iliyobana zaidi ndiyo inayoshinda. Umeruhusu kuandika upande wa kushirikisha, diski inasema asome tu, basi atasoma tu. Aliyekaa mbele ya mashine anapimwa na ya diski peke yake, ndiyo maana kila siku utasikia "mbona kwangu inafunguka?" Rekebisheni tabaka linalobana kwa akaunti ile moja. Kumpa kila mtu ruhusa zote ni kuondoa kitasa kwa sababu ufunguo umepotea.

Muda umebaki wa swali moja. Ndiyo, mama, hapo nyuma.

Anauliza: kwake kila kitu kinafanya kazi asubuhi, mchana folda imepotea, jioni akiigusa ile kompyuta inarudi. Hajabadilisha chochote.

Mama, kompyuta yako inalala. Haina ugonjwa. Ikilala haijibu mtandaoni, na ukiigusa inaamka. Nenda kwenye mipangilio ya umeme, skrini iache izime, lakini mashine yenyewe uiambie isilale ikiwa kwenye umeme. Ukifika huko, iambie na ruta iihifadhie anwani ileile, maana siku moja itaamka na namba nyingine na njia yako ya mkato itagonga nyumba isiyo na mtu.