Unywele Laini, Wembe Mgumu

Mabibi na mabwana, kila ninapozungumzia kunyoa ndevu husikia lawama zilezile: wembe umeisha makali mapema kwa sababu ni hafifu, na uso umetoka vipele kwa sababu wembe ni mbaya. Nimekwisha kulisema hili mara nyingi na leo nalirudia: kabla ya kuulaumu wembe, utazameni kwanza unywele wenyewe.

Chuma cha pua kinachotengenezewa nyembe ni kigumu kuliko unywele takriban mara 50. Kwa hesabu hiyo wembe ungepaswa kukata ndevu miaka nenda miaka rudi, nasi sote tunajua kwamba sivyo. Wengi hudhani kwamba makali husagika kidogo kidogo mpaka yakawa butu. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha katika jarida la Science majibu tofauti kabisa. Mmoja wao, Gianluca Roscioli, alikuwa akijinyoa kwa nyembe za kawaida za kutupwa, na kila alipomaliza aliukagua wembe kwa hadubini ya elektroni. Ukingo wa wembe haukuwa umesagika ukawa mviringo. Ulikuwa na mapengo madogo madogo, chuma kimemegeka. Kisha akaunda kifaa cha kukatia unywele ndani ya hadubini hiyohiyo, ili aone tukio lenyewe likitendeka. Unywele uliosimama wima mbele ya wembe ulikatika bila madhara. Uliopata nafasi ya kupinda na kuulalia wembe kwa pembe ndio uliotoa pengo, hasa ulipogusa sehemu ya ukingo ambapo chuma hakikushikamana kwa usawa. Kitu laini kinakimega kitu kigumu, mbele ya macho ya mtafiti!

Najua kuna atakayeuliza hayo yanamsaidia nini yeye asiye na hadubini. Yanamsaidia sana, kwa sababu yanaonyesha kwamba hali ya unywele wakati wa kukatwa si jambo dogo. Unywele ukiloweshwa kwa maji ya uvuguvugu kwa dakika chache hunywa maji, huvimba, na hukatika kwa nguvu ndogo zaidi. Anayejikwangua ndevu kavu kwa haraka, akikandamiza wembe mpaka ngozi iwake moto, hana haki ya kumlaumu aliyeutengeneza.

Mwingine ataniambia kwamba ndevu zikinyolewa huota nene zaidi. Hoja hii inanichosha, maana ilijibiwa mwaka 1928, pale mtafiti wa Marekani Mildred Trotter alipochunguza ndevu za wanaume wanaonyoa asione badiliko lolote la unene wala kasi ya kuota. Sehemu tunayoikata haina uhai, na shina lililo chini ya ngozi halipati habari yoyote ya wembe. Unywele ambao haujawahi kukatwa huwa na ncha iliyochongoka. Wembe ukiiondoa hubaki mkato mpana, ndiyo maana kidevu hukwaruza mkono.

Muda unanibana, lakini vipele siwezi kuviacha. Tangu mwaka 1971, kampuni ya Gillette ilipoingiza sokoni wembe wa makali mawili yanayofuatana upande mmoja, idadi imepanda hadi makali matano na hata zaidi. Makali ya kwanza huuvuta unywele, yanayofuata huukata chini ya usawa wa ngozi. Kwa mwenye ndevu za kipilipili hiyo ni hasara, kwa kuwa unywele uliokatwa hivyo una ncha kali, nao unapojikunja hutoboa ngozi kutoka ndani, au hutokeza nje kisha ukarudi kujichoma. Basi mwenye shida hiyo atumie wembe wa makali mamoja, afuate uelekeo wa ndevu, asiivute ngozi, na akubali kubakiza kishina kifupi. Vipele vikiwa vimekwisha kutoka, aache kunyoa mpaka vitulie.