Mafuriko ya Usangu tuyaweke wapi? (Mhadhara nilioutoa Mbeya mjini)

Kamwene wazee wangu, kamwene sana. Shikamooni wote mlionitangulia, na vijana wa chuo huko nyuma habari zenu, sogeeni mbele viti vipo. Nimeombwa niongee kuhusu kupanua nafasi ya kuhifadhi maji ya mafuriko ndani ya Hifadhi ya Ruaha, yaani kule kwenye tindiga la Ihefu, bonde la Usangu, na mtanivumilia kwasababu mimi nimekulia Rujewa, hilo tindiga kwangu ni kama ndugu, likiugua silali.

Tuanzie juu. Waliowahi kupanda zile kona 57 kutoka Chimala kwenda Matamba wanajua, ukifika nusu ya mlima ukigeuka nyuma unaiona Usangu yote imelala chini kama mkeka. Sasa mvua ikishapiga milima ya Uporoto na Kipengere, kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne, maji yote ya huku kwetu yanashuka kwenye huo mkeka, mito yote, Chimala inashuka, Kimani inashuka, Mbarali, Ruaha Mkuu wenyewe, na kutoka upande wa Mufindi inakuja Ndembera, yanafika tambarare yanapoteza mbio, yanatandaa, yanajaza matete na mafunjo, kambare wanazaliana, korongo wanatua, ndo Ihefu hiyo. Mwezi wa tatu ukiiona unaweza ukasema hii nchi haitakaa ikose maji.

Lakini Ihefu ina mlango mmoja tu wa kutokea. Unaitwa Ng'iriama. Pale kuna mwamba umekatiza, kizingiti cha asili kabisa kama kizingiti cha mlango wa nyumba, maji yakiwa juu ya huo mwamba yanamwagika yanaendelea ndani ya Hifadhi ya Ruaha, yanaenda Mtera kwenye mitambo ya umeme ya megawati 80, yanateremka Kidatu kwenye megawati 204, mpaka Rufiji. Yakishuka chini ya mwamba hata kwa upana wa kidole, basi, mto umekatika, hata kama nyuma yake bado kuna kilomita na kilomita za maji yametulia. Nawaomba mlishike hilo kwasababu mengine yote ntakayosema yanatoka hapo.

Zamani mto Ruaha ulikuwa unatiririka mwaka mzima. Mwaka 1993 ulikauka ndani ya hifadhi, na tangu hapo kukauka kiangazi kumekuwa kama desturi. Viboko wanabanana kwenye madimbwi ya matope, samaki wanakufa. Mwaka 2006 wafugaji wakatolewa Ihefu na ng'ombe wao, mwaka 2008 eneo lote la pori la akiba la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, ikawa hifadhi ya zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Mimi nina jamaa zangu waliotoka na mifugo kipindi kile na maumivu yao nayajua, hapa sitayagusa kijuujuu, yanataka siku yake. Ninachosema ni kwamba mto uliendelea kukauka hata baada ya hapo. Kwahiyo tatizo halikuwa kwato peke yake.

Sasa watu wanakuja na wazo, na ni wazo zuri ukilisikia mara ya kwanza: tuinue kizingiti. Tujenge ukuta Ng'iriama, tuweke mageti, mafuriko ya masika tuyafungie ndani, kiangazi tuyaachie kidogo kidogo. Nimelisikia kwenye vikao vingi, na zamani nililiunga mkono mimi mwenyewe mpaka siku nilipokaa chini na kalamu.

Mama akimimina ndoo moja ya maji kwenye sinia la pilau akaliacha juani, na ndoo nyingine akaiacha ivyo ivyo kwenye ndoo yake, jioni ipi ina maji? Usangu ni sinia. Ukiinua maji nusu mita pale mlangoni hayapandi kwenda juu, yanatandaa kwenda pembeni, na jua la kule kiangazi linanyonya kama milimita 5 kwa siku, mwezi wa kumi hata zaidi. Milimita 5 inaonekana kitu kidogo, lakini kwenye hekta 1 hiyo ni lita 50,000 kila siku ya Mungu. Kwenye kilomita za mraba 100 ni mita za ujazo 500,000 kwa siku. Na mto ukitaka utiririke mita 1 ya ujazo kwa sekunde, unahitaji 86,400 tu kwa siku. Mnaona eeh? Ukitandaza maji kilomita za mraba 100 zaidi, jua linakunywa karibu mara sita ya hicho unachotaka kuupa mto.

Kijana mmoja akaniuliza wiki iliyopita, basi si tuchimbe, tuache sinia tutengeneze ndoo? Tukapiga hesabu pamoja. Siku 100 za kiangazi kwa mita 1 ya ujazo kwa sekunde ni mita za ujazo milioni 8.64. Bwawa la kilomita za mraba 4 lenye kina cha mita 3 linabeba milioni 12, jua likila milioni 2 kwa hizo siku 100 inabaki milioni 10, inatosha, hesabu imekubali. Alafu tukauliza udongo wake unaenda wapi. Lori linalobeba mita 10 za ujazo lingepiga safari 1,200,000, ndani ya hifadhi, kwenye tope la mfinyanzi mweusi. Akanyamaza, na mimi nikanyamaza.

Wenzetu Uholanzi wamepita njia inayofanana, ila msije mkachukua mchoro wao mkaubandika hapa. Mwaka 1995 mito yao ilijaa mpaka watu kama 250,000 wakahamishwa, na miaka mingi wao jibu lilikuwa moja tu, inua tuta la kuzuia mto. Baadae wakageuka, wakaanza kuupa mto nafasi, na eneo la Noordwaard pale kwenye hifadhi ya Biesbosch wakashusha matuta ili mto ukijaa uingie, kazi ikakamilika 2015. Kulikuwa na mashamba mle na watu wanaishi. Kuna waliohama na kuna waliobaki, na waliongea nao miaka kabla ya kuleta mitambo, hilo ndo ningependa tuige kwanza. Ila wao wanatunza mafuriko ili miji isizame leo. Sisi tunayatunza ili mwezi wa kumi tuwe nayo. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa, mhandisi akikuchanganyia hizo mbili mrudishe ofisini.

Kwahiyo mimi nasemaje. Geti dogo pale Ng'iriama nalikubali, dogo kweli, la kushika mkia wa mafuriko mwezi wa tano na wa sita, lisilozidi pale maji yalipokuwa yakifika yenyewe miaka ya mvua nzuri, na liwe na njia ya samaki kupanda. Mikono ya zamani ya mto iliyozibwa na matuta ya watu na mchanga uliotoka milimani ifunguliwe, kwasababu ile ndo ndoo tuliyopewa bure, ina kina, ina kivuli cha matete, haihitaji lori milioni. Na kule juu, mwenye shamba kwenye mteremko alime kwa kukinga maji, mwenye kinyungu, yaani bustani ya bondeni kando ya mto, aache zile mita 60 za ukingo ambazo sheria ya mazingira ya 2004 inazitaja, kwasababu mchanga ukishafika Ihefu unakaa mahali pa maji.

Lakini nafasi kubwa kuliko zote ya kuhifadhia haipo hata ndani ya hifadhi, ipo kwenye mabanio yetu, pale tunapochepusha maji ya mto kuingia kwenye mifereji ya mashamba. Hapa naongea na ndugu zangu wakulima wa mpunga na mimi ni mmoja wao, nina majaruba. Tukishavuna, mwezi wa saba, wa nane, banio linaendelea kuwa wazi, mfereji unaendelea kutiririka, maji yanaishia barabarani, kwenye matofali, kwenye majani. Na mfereji hauachwi wazi kwa ubaya. Unaachwa kwasababu kijiji kizima kinachota humo, kina mama wanafulia humo, ng'ombe wanakunywa humo. Mto mzima unakatwa ili watu wapate ndoo ishirini ishirini! Nimeshaona banio likifungwa kwa amri, kufuli na kila kitu, na usiku huohuo likafunguliwa, na mimi siwezi kumlaumu mama mwenye mtoto mchanga aliyetuma watu wakalifungue.

Wachimbieni kisima. Kisima kirefu na bomba tatu nne kijijini, alafu banio linafungwa bila askari. Kila maji yanayofika Ihefu mwezi wa nane yanapunguza shimo ambalo ungetakiwa kuchimba, yanashikilia kile kina juu ya mwamba, kidole kimoja tu jamani, mto usikatike. Bajeti ya ukuta mkubwa mmoja ukiigawa kwenye visima vya vijiji vya mifereji, mimi naamini mto unakaa hai zaidi na mpunga wetu haupungui hata gunia.

Mzee pale ameuliza kama hii ina maana mageti yasubiri visima. Ndio mzee wangu, yasubiri. Geti likitangulia, mwaka wa kwanza tutalifunga, nyuma yake hakuna kinachoingia, jua litakunywa kilichopo, na hifadhi, wakulima na watu wa umeme wataanza kunyoosheana vidole upya.

Mwezi wa nane tunaomba kibali cha hifadhi twende mpaka Ng'iriama tukasome vipimo vya maji na wazee wa jumuiya za watumia maji. Gari ina nafasi 12. Nataka sita ziwe za wafugaji na watu wa mabanio ya juu. Karatasi ya majina iko mlangoni.