Minyoo Isiyoonekana katika Samaki wa Maji Baridi

Ndugu wasikilizaji, mtu akipasua samaki mdogo akakuta tegu mweupe amejikunja tumboni, hushtuka na pengine hutupa samaki wote. Tegu huyo, aitwaye Ligula, humdhuru sana samaki, kwani humvimbisha tumbo na kudumaza viungo vyake vya uzazi, lakini hukomaa ndani ya ndege wanaokula samaki, si ndani ya binadamu. Ninachotaka tukiogope zaidi leo ni kile ambacho jicho halikioni.

Minyoo bapa ya ini, yaani Opisthorchis na Clonorchis, hutaga mayai ambayo hutoka na kinyesi cha mtu, paka au mbwa. Yakifika majini humezwa na konokono wa aina maalumu, yakaanguliwa na kuzaliana humo, kisha lava, yaani minyoo michanga, wenye mikia hutoka wakiogelea, wakapenya chini ya magamba ya samaki, hasa wa jamii ya samaki aitwaye kapu (carp), na kujifungia katika vifuko vidogo ndani ya minofu. Samaki huyo huonekana mzima kabisa. Akiliwa mbichi, vifuko hupasuka tumboni mwa mlaji, na minyoo michanga hupanda hadi kwenye mirija ya nyongo, ambako inaweza kuishi zaidi ya miaka 20 ikisababisha uvimbe usiokwisha. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka Opisthorchis viverrini katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1994, na Clonorchis sinensis mwaka 2009. Ni saratani ya mirija ya nyongo, ambayo mara nyingi hugunduliwa ikiwa imechelewa mno. Kwangu mimi, hilo peke yake latosha kuacha kula samaki wa maji baridi akiwa mbichi.

Wapo wanaoamini kwamba ndimu au siki humpika samaki. Tindikali hugeuza rangi ya nyama ikawa nyeupe, lakini haiaminiki kuua vifuko hivyo, na chumvi kidogo ya siku moja au moshi usio na joto kali navyo haviaminiki. Kinachoua ni moto unaofikisha nyuzi 63 za Selsiasi katikati ya mnofu, au ubaridi wa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, kiwango ambacho majokofu mengi ya nyumbani hayakifikii.

Dawa ya prazikwanteli huitoa minyoo hiyo mwilini, lakini haimkingi aliyetibiwa asiambukizwe tena. Kwa hiyo choo kisijengwe juu ya bwawa la samaki, magugu ya kingoni yanayowahifadhi konokono yang'olewe, na mabaki ya samaki mabichi wasipewe paka na mbwa, maana wanyama hao huendelea kupeleka mayai majini hata pale ambapo watu wote wa kijiji wamekwisha kutibiwa.