Naein: Mji Mdogo na Hesabu ya Watu Wake

Waheshimiwa walimu, ndugu zangu wanafunzi, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya sensa. Tehran na Isfahan nitaziacha leo, niwapeleke Naein. Ni mji wa Iran ulio kiasi cha kilomita 140 mashariki ya Isfahan, ukingoni mwa jangwa la Dasht-e Kavir. Ndio makao makuu ya “shahrestan”, ngazi ya utawala iliyo chini ya mkoa, kama wilaya kwetu. Sensa ya mwaka 2016 iliwahesabu Wairani karibu milioni 80. Wakazi wa mji wa Naein hawakufika 30,000.

Sasa tazameni wilaya yenyewe. Mwaka 2006 ilikuwa na watu zaidi ya 50,000. Mwaka 2011, chini ya 40,000. Mwenye tarakimu hizo peke yake atasema ukame umewafukuza, au vijana wamekimbilia Tehran. Vijana wanahama, hilo kweli. Lakini anguko lile kubwa lilitoka kwenye mpaka. Baina ya sensa hizo mbili, eneo la Khur na Biabanak, kule ndani zaidi ya jangwa, lilimegwa likawa wilaya yake. Watu wake hawakuhama hata nyumba moja. Nawasihi sana: kabla hujaandika kwamba mahali pamepungua watu, tafuta kwanza ramani ya mwaka ule na ya mwaka huu.

La mpaka ni jepesi. Zito ni hili: watu wanaishije jangwani? Wanaishi kwa kanati. Huchimbwa kisima mama kwenye miinuko, mpaka yapatikane maji. Kisha hupitishwa mfereji chini ya ardhi wenye mteremko mdogo mno, na juu yake safu ya visima vya kutolea udongo na kuingizia hewa, hadi maji yatokeze yenyewe mashambani. Pampu haihitajiki, na njiani jua haliyafikii. Mohammadieh, kitongoji cha Naein, kuna kinu cha nafaka kilichojengwa chini ya ardhi ili maji hayo yakizungushe. Sensa ya kwanza ya nchi nzima ilifanyika mwaka 1956; karne nyingi kabla yake, kanati ndizo zilizoamua Naein ibebe watu wangapi.

Maji hayo hayakutosha kilimo kikubwa, watu wakashika kufuma. Mohammadieh walifuma aba kwa sufu na manyoya ya ngamia, yaani joho pana la kuvaa juu ya kanzu, ndani ya karakana zilizochimbwa ardhini. Mwishoni mwa miaka ya 1920 serikali ya Reza Shah, mfalme wa Iran wakati huo, iliwalazimisha wanaume kuvaa mavazi ya Kizungu, na soko la aba likaporomoka. Hapo mji ungeweza kufa. Mikono iliyozoea uzi mwembamba ikahamia kwenye mazulia, na leo zulia la Naein, la rangi ya maziwa na buluu, hariri ikiwa imezungushiwa maua, linatafutwa mbali sana na jangwa lile. Binafsi naamini pasipo zulia hilo tungekuwa tunasoma idadi nyingine kabisa.

La mwisho. Naein huitwa mji wa Waajemi, na kweli Kiajemi ndicho utakachokisikia sokoni. Lakini wenyeji wana lugha yao, Kinaeini, ndugu wa lugha ya Wazoroastria, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, wa mji wa Yazd; mtu wa Tehran akiisikia, haielewi. Watoto sasa hulelewa kwa Kiajemi. Kwa hiyo idadi ya watu yaweza kupanda sensa hadi sensa, huku wasemaji wa lugha hiyo wakipungua mazishi kwa mazishi. Kama yupo kati yenu anayesoma isimu, ningefurahi mno aende akaketi na wazee wale mapema, akiwa na kinasa sauti.

Nashukuru. Karibuni kwa maswali.