Mapambo ya Krismasi ya Kazi ya Mikono katika Msimu wa Kaskazi

Bwana asifiwe. Wachungaji, walimu wa shule ya Jumapili, akina mama na akina baba wa usharika huu, nawashukuru kwa kunialika nizungumzie mapambo ya Krismasi yanayotengenezwa kwa mikono katika nchi ambayo sikukuu hiyo huangukia wakati wa joto. Nimelichukua jambo hili kwa uzito, kwa sababu kila ifikapo Desemba naona madukani na makanisani pamba nyeupe ikitandazwa juu ya mti wa plastiki ili ifanane na theluji, ilhali nje jua la Dar es Salaam linafikisha nyuzijoto 31 au 32 na kaskazi inavuma kutoka baharini. Silengi kumlaumu anayefanya hivyo. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mapambo haya, huko yalikoanzia, yalikuwa namna ya watu kuyajibu majira yao kwa vitu walivyokuwa navyo, na kwamba sisi nasi tuna majira, malighafi na ufundi wa kufanya vivyo hivyo.

Mwishoni mwa Desemba mchana wa Berlin haufiki hata saa nane kwa urefu, na miti mingi imekwisha kupukutisha majani. Aliyeingiza tawi la kijani nyumbani aliingiza kitu kilichoendelea kuwa hai wakati vingine vyote vilionekana vimekufa, na aliyewasha mshumaa aliupunguza usiku ambao kweli ulikuwa mrefu. Shada la Majilio tunalolifahamu lilianzishwa mwaka 1839 na Johann Hinrich Wichern, mchungaji aliyewalea watoto maskini jijini Hamburg, ambaye alichukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo ya siku za kazi na mishumaa minne mikubwa ya Jumapili, ili watoto waliokuwa wakiuliza kila siku Krismasi itafika lini wajihesabie wenyewe. Katika karne hiyohiyo, wanafunzi wa shule ya Wamoravian mjini Niesky walikuwa wakitengeneza nyota za karatasi zenye ncha nyingi kama zoezi la jiometri. Ni kanisa lilelile ambalo wamisionari wake walifika Nyanda za Juu Kusini za nchi yetu mwaka 1891. Naomba tuliangalie vizuri gurudumu lile na karatasi ile, kwa maana hakuna aliyeagiza chochote kutoka mbali.

Tukiuliza ni kitu gani kwetu huonekana hai kuliko vingine mwezi huo, jibu liko barabarani: ule mti tunaouita mkrismasi, unaojifunika maua mekundu wakati wa sikukuu. Watu wa New Zealand, ambao nao husherehekea Krismasi wakati wa kiangazi chao, wameufanya mti wao wa pohutukawa, wenye maua mekundu mwezi huohuo, kuwa alama ya sikukuu. Hata hivyo, maua ya mkrismasi yakishakatwa hunyauka upesi kwenye joto, kwa hiyo siyapendekezi kwa mapambo yanayotakiwa kudumu. Mali yake hasa ni maganda makavu, ambayo huweza kufikia nusu mita au zaidi, magumu kama ubao, yenye mbegu zinazolia yakitikiswa. Yasuguliwe kwa msasa, yapakwe mafuta au rangi, yatobolewe kwa keke na kuning'inizwa kwa urefu tofauti mlangoni. Kaskazi ikipita itayapigisha yenyewe.

Kwa shada la Majilio napendekeza isale, na hapa nawaomba ndugu zetu wanaotoka Kilimanjaro wanisikilize kwa makini. Kwa Wachaga jani hili si pambo tu. Hupandwa kuonyesha mipaka na makaburi, na anayekwenda kuomba msamaha hulibeba mkononi ili asikataliwe. Majilio ni majira ya toba na ya kutengeneza yaliyoharibika, na kwa maoni yangu hakuna jani linalostahili kuizunguka mishumaa ile minne kuliko hilo. Zaidi ya hapo lina faida ya kazi: likikatwa na kuwekwa majini hubaki kijani kwa siku nyingi, ambapo tawi la saipresi hukauka na kuanza kudondosha vijani vyake. Liwekwe na mtu anayejua maana yake, na watoto waelezwe maana hiyo kabla ya kuligusa.

Sasa nije kwenye ukindu, ambao ndio nina hamu kubwa zaidi ya kuuzungumzia. Karibu kila familia ya pwani ina bibi au shangazi anayejua kusuka ukili, yaani ule mkanda mrefu unaoshonwa hadi ukawa mkeka, na ufundi huo unatosha kabisa kwa mapambo ya nyumba nzima. Makuti machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajafunguka, huanikwa hadi yakawa meupe, huchanwa kwa upana mmoja, kisha yale yanayotakiwa kuwa na rangi huchemshwa pamoja na rangi ya unga. Kosa linaloharibu kazi ya wanaoanza ni kusuka ukindu ukiwa mkavu. Lazima uloweshwe kidogo na kufungwa katika kitambaa chenye unyevu, la sivyo unapasuka kwenye kila mkunjo. Ukili mwembamba wa rangi nyekundu na ya asili, ukizungushwa na kushonwa, unakuwa duara la kutundika. Ukikunjwa mara tano kwa vipimo sawa, unakuwa nyota. Wajerumani wana nyota ya ncha 16 inayokunjwa kwa vipande vinne vya karatasi vyenye urefu na upana sawa, na msukaji wa mikeka akionyeshwa mikunjo yake huizoea haraka, kwa kuwa kupitisha juu na chini ndiyo kazi yake ya kila siku.

Vifuu vikisuguliwa na kupakwa mafuta ya nazi hung'aa vizuri, na singa za mkonge, zao lililoletwa kutoka Florida mwaka 1893 na Richard Hindorf, hufaa kwa ndevu za mamajusi na nywele za malaika. Kombe na kauri nawasihi msizikusanye zikiwa hai, na katika hifadhi za bahari msiziguse kabisa.

Joto nalo lina masharti yake. Mishumaa myembamba hupinda ikipigwa na jua la dirishani, hivyo ichaguliwe minene na mifupi, na isiwashwe karibu na ukindu, mkonge au makuti, kwa maana vyote hivyo hushika moto mara moja. Ndani ya kifuu kilichotobolewa tumieni taa ndogo za umeme. Gundi ya unga wa ngano huwaita mende, na gundi ya moto hulegea juani, kwa hiyo napendelea kila kitu kishonwe au kifungwe kwa uzi. Vipande vya kitenge vinavyobaki kwa fundi cherehani vikishonwa kuwa vibendera vitahimili upepo, ambapo vya karatasi vitachanika siku hiyohiyo.

Sikukuu ikipita, anikeni mapambo ya ukindu kwa siku mbili kabla ya kuyahifadhi, kwa sababu yakifungiwa na unyevu yataota ukungu mvua za masika zitakapoanza. Yawekwe ndani ya kikapu kinachopitisha hewa, si ndani ya mfuko wa plastiki. Ukindu wa leo uko katika meza ya nyuma, umekwisha kuloweshwa, na akina mama watatu wa usharika watawaonyesha ukili wa miti mitano, yaani wa vipande vitano vya ukindu. Wale ambao hawajawahi kusuka wakae karibu nao kwanza.