Mfuniko Uliotumbukia Ndani ya Sufuria

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi. Mwalimu mkuu kanipa dakika kumi, na sitazimalizia kwenye mswaki, hayo mmeshayasikia.

Uchukulieni mdomo kama sufuria na mfuniko wake. Taya la juu ndilo mfuniko: mtoto akifunga mdomo, meno ya juu yanatakiwa yafunike ya chini kwa nje, mbele na pembeni kote. Kuna watoto ambao mfuniko umetumbukia ndani. Pengine ni jino moja la mbele, pengine ni magego ya upande mzima. Sisi madaktari wa meno tunasema meno yamefunga kinyume.

La upande ndilo linaloniumiza kichwa, maana mzazi halioni. Mtoto akicheka, meno yamejipanga vizuri tu. Sasa mwambie aachame, kisha afunge polepole, nawe mtazame kidevu. Akiachama, kidevu kiko sawa na pua. Meno yakigusana, taya linateleza na kidevu kinahamia kulia au kushoto. Hafanyi makusudi: taya la juu ni jembamba, magego yanakutana ncha kwa ncha, basi analisogeza la chini apate pa kutafunia. Akiendelea hivyo miaka yote ya kukua, taya nalo linaweza kukua limepinda.

Ujembamba huo wengine wameurithi. Wengine ni kidole: kikishinda mdomoni, ulimi unashuka, mashavu yanabana kwa nje, na taya la juu linakosa cha kulitanua. (Pilipili kwenye kidole, bibi zangu, mimi siiungi mkono. Inaishia machoni.)

Kaakaa la mtoto ni vipande viwili vilivyoungana kwa mshono katikati, na utotoni mshono huo haujakaza. Ili kulitanua taya la juu, tunafunga kifaa chenye skrubu, kinashikiliwa na magego. Nyumbani mzazi anaingiza ufunguo mdogo, anazungusha robo mzunguko, skrubu inafunguka robo milimita. Mara moja au mbili kwa siku, wiki chache, kisha kifaa kinaachwa palepale miezi kadhaa ili mfupa ujae.

Mama mmoja nilimpa ufunguo nikasahau kumwambia jambo moja. Siku ya sita kanipigia saa tatu usiku: "Daktari, umemharibu mwanangu! Meno ya mbele yameachana!" Mwanya ule ndio niliokuwa nautafuta. Ni dalili kwamba mshono umefunguka, na meno hurudi kukaribiana yenyewe. Hata Emerson Angell wa San Francisco, alipoeleza tiba hii mwaka 1860, mwanya ndio uliokuwa ushahidi wake, na bado wenzake walimtilia shaka. Lakini kosa lilikuwa langu. Siku hizi namchorea mzazi mwanya kwenye karatasi kabla hajaondoka na ufunguo.

Jino moja la mbele ni kazi nyepesi. Mara nyingine la utotoni limegoma kung'oka, la kudumu likaotea nyuma yake. Tunaling'oa la utotoni, na nafasi ikiwepo, kifaa cha plastiki chenye springi kinalisukuma la kudumu mbele. Likiachwa, jino la chini linalogongwa linasukumwa nje na fizi yake inashuka. Ila kama taya zima la chini limetangulia, kama la baba yake, springi haitoshi. Huyo tunamfuatilia mpaka amalize kukua.

Wazazi wengi wameambiwa wasubiri meno yote ya kudumu yaote. Kwa meno yaliyosongamana tu, sigombani sana na ushauri huo. Kwa haya yaliyofunga kinyume nagombana: mshono unazidi kukaza baada ya balehe, na mtu mzima mara nyingi huhitaji upasuaji. Mleteni akiwa na miaka 7. Kutazamwa si lazima kuishie kwenye waya.

Nimekuja na tochi mbili. Darasa la kwanza na la pili waanze, wakae benchi la dirishani penye mwanga. Mzazi asimame ubavuni kwangu, kidevu tukione wote wawili.